Kijana wa Kichiwa na Riwaya Ambayo Bado Hatujamwandikia

Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne kata ya Kichiwa, kati ya Makambako na mji wa Njombe, hahitaji kuelezwa sana maana ya kupangiwa maisha na mamlaka asiyoiona kwa macho. Mtihani ameufanya kwa namba. Kabla ya kuufanya alijaza fomu ya machaguo: tahasusi anazozitaka, shule anazozitaka. Matokeo yakitoka, kila mwenye simu anaweza kuyasoma, yeye na majirani zake, kuanzia divisheni wani hadi ziro. Kisha kimya cha miezi. Siku moja TAMISEMI inatoa orodha, na jina lake limeangukia mkoa ambao hajawahi kuukanyaga, kwenye tahasusi ambayo pengine aliiweka ya mwisho. Fomu ya kujiunga inamwambia aje na nini: godoro, shuka za rangi moja, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi. Nywele zinyolewe. Simu ni marufuku. Kengele ndiyo itakayoamua saa ya kuamka.

Sisemi haya ni mateso. Kuwachanganya vijana wa mikoa yote katika mabweni mamoja kumelijenga taifa hili kuliko hotuba nyingi, na wazazi wa Njombe wanauheshimu utaratibu huo, tena wana haki. Ninachosema ni kwamba kijana huyu akikutana na hadithi ya ng'ambo ambamo utawala unamtaka kila mtoto wa miaka 16 achague kundi moja kati ya makundi matano, na akae humo maisha yake yote, haoni kitu kigeni. Ndiyo Divergent ya Veronica Roth, iliyotoka mwaka 2011. Kabla yake kulikuwa na The Giver ya Lois Lowry (1993), ambamo mtoto wa miaka 12 anapangiwa kazi na baraza la wazee, na The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008), ambamo kila wilaya inatoa watoto wawili wakauane mbele ya kamera ili wakubwa wa mjini wafurahi. Baadaye zikaja zile ambazo kijana mwenyewe ana nguvu iliyojificha mwilini: The Darkest Minds ya Alexandra Bracken (2012), Red Queen ya Victoria Aveyard (2015), na ile iliyotugusa karibu zaidi, Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018), ambamo mfalme amepiga marufuku uganga na kuwaua waliokuwa nao.

Mpango wa hadithi hizi haubadiliki sana. Kuna utawala unaojua kila mtu anakaa wapi, anakula nini na atamwoa nani. Kuna kijana anayegundua kwamba ana kitu ambacho utawala huo haukukihesabu. Kitu hicho kinaanza kama aibu, kinageuka kuwa siri, mwishowe kinakuwa silaha. Vijana wetu wanazipata hadithi hizi kwa njia za panya: filamu iliyotafsiriwa, inayooneshwa kibanda umiza huku sauti ya msimulizi ikipita juu ya sauti za wahusika, kama alivyofanya marehemu Lufufu kwa miaka mingi, faili la kitabu linalorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, flashi inayohama kutoka bweni hadi bweni siku ya kufungua shule. Wanazipenda. Na wanazipata kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili cha msimulizi anayebuni nusu ya maneno.

Swali langu ni kwa nini Kiswahili, lugha wanayoitumia kuota ndoto, hakijawapa hadithi ya namna hiyo. Jibu la haraka ni kwamba distopia ni mali ya Wazungu. Jibu hilo si kweli. Viungo vyote tunavyo, na vingine ni vya zamani kuliko hivyo vitabu vya ng'ambo. Tatizo ni kwamba viungo hivyo vimewekwa kwenye rafu tofauti, na kijana amesimama katikati asifikie hata moja.

Tuanze na rafu ya zamani. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, karani wa serikali aitwaye Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Ni nchi iliyo angani. Ina mfalme, ina waziri, ina baraza, na ina sheria ambayo hakuna anayeruhusiwa kuihoji. Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria ili watu wajue kujitetea. Waziri Majivuno ndiye mshtaki. Ukiisoma leo ukiwa na miaka 17 unashangazwa na namna kesi inavyokwenda. Karama hakimbii, hapigani, hafanyi muujiza. Siku baada ya siku anasimama barazani na kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe sita ambao nchi yenyewe iliwatuma pande zote za dunia, hadi mbinguni na ardhini, walete maarifa. Kila mmoja alirudi na mambo mema. Kila mmoja alitupwa gerezani. Wanaomsikiliza ndio waliowafunga, au warithi wao, na hawana pa kugeuzia uso kwa sababu mshtakiwa anawasomea kumbukumbu zao wenyewe. Mwishowe anaachiwa huru, na waliokuwa wamefungwa wanatolewa.

Wahakiki wameandika mengi kuhusu Kusadikika kama fumbo la ukoloni, na wamesema kweli. Mimi naona jambo lingine linalomhusu kijana. Nguvu iliyofichwa katika nchi ile ni kumbukumbu. Serikali inaishi kwa kusahaulisha, na mtu mmoja amekataa kusahau. Nguvu hiyo haiko kwenye damu ya Karama. Mtu yeyote mwenye masikio angeweza kuwa nayo. Hapo Shaaban Robert aliwatangulia akina Roth na Aveyard kwa miaka 60, na katika jambo hili naamini aliona mbali kuliko wao.

Rafu ya pili ni ya makachero. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, vijana walimpata shujaa anayekimbia kweli: Willy Gamba, mpelelezi anayejua kupiga, kupenda na kutoroka. Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Vitabu hivi vilisomwa hadi vikachanika, vikaazimwa, vikaibiwa, na vikawafundisha watu wengi raha ya kusoma kuliko darasa lolote. Ila angalia Willy Gamba anamfanyia nani kazi. Anaifanyia dola. Adui yuko nje: makaburu wa Afrika Kusini, wasaliti waliotumwa, mamluki. Wakati ule hilo lilikuwa na maana nzito, kwani nchi ilikuwa imebeba ukombozi wa kusini mwa Afrika na hatari ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, matokeo yake kifasihi ni kwamba mbinu zote za hadithi ya kasi, yaani kufukuzana, siri, jina la bandia na mlango unaofunguka usiku wa manane, zilikabidhiwa kwa mtu wa serikali. Mtu anayefukuzwa na serikali hakupata mwandishi wa kumsimulia kwa kasi hiyo.

Alipata waandishi wengine, wazito. Hiyo ndiyo rafu ya tatu, na ndiyo inayonipa fahari na uchungu kwa pamoja. Euphrase Kezilahabi, katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), anamfikisha Tumaini mahali pa kumuua mkuu wa wilaya kwa sababu ya ardhi aliyonyang'anywa kwa jina la ujamaa. Msomaji wa Njombe hawezi kuisoma sehemu hiyo kama ngano. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012; kabla ya hapo watu hawa walikuwa wa mkoa wa Iringa, na huko Isimani, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, akanyongwa kwa kosa hilo. Miaka michache baadaye Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Sehemu nyingine nyumba za zamani zilichomwa ili watu wasirudi. Waliofika vijijini walikuta balozi wa nyumba kumi anayejua nani amelala wapi. Mwandishi anayetaka kubuni nchi inayopanga watu kwa mistari hana haja ya kuagiza ramani kutoka Marekani. Amwendee bibi yake tu, amuulize walihamaje mwaka 1974.

Kezilahabi hakuishia hapo. Mwaka 1990 alitoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile, vitabu vifupi ambamo dunia imeharibika, mji ni mtupu, na msimulizi anatembea katikati ya mabaki akiutafuta ukweli ambao ni kama paa anayekimbia. Kule Kenya, Katama Mkangi, mhadhiri aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995. Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, ambamo mzee anarudi kutoka kaburini kumhoji mjukuu wake, mkubwa aliyelewa madaraka. Wamitila akafuata na Bina-Adamu! mwaka 2002, ambamo dunia nzima ni kijiji kimoja kinachoendeshwa na mtu asiyeonekana aitwaye P.P. Naye Adam Shafi, ambaye mwenyewe alionja gereza baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, aliandika Haini (2003) bila fumbo lolote: chumba, mlinzi, kipigo, maswali yasiyoisha.

Katika hizi zote, Walenisi ndiyo inayonitesa zaidi nikifikiria vijana. Hebu tazama mwanzo wake. Dzombo amehukumiwa na dola kwa sababu ya fikra zake. Adhabu ni kuwekwa ndani ya chombo na kurushwa angani afie huko. Waliomhukumu wana hakika hatarudi, maana hakuna aliyefundishwa kukiendesha. Yeye anagusa vitufe, anakosea, anagusa tena, anajifunza. Chombo cha kumuulia kinakuwa chombo cha kumwokoa, na anafika nchi ambayo watu wanaishi kwa haki. Mpe kijana wa miaka 16 ukurasa huo na hatalala. Ni mwanzo mzuri kuliko wa Divergent, nasema bila kusita. Kinachofuata, hata hivyo, ni mazungumzo marefu ya falsafa ya jamii, yenye hekima kubwa, ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu atayapigia mistari na mwanafunzi wa sekondari atayaruka. Nagona ni ngumu zaidi ya hapo. Waandishi hawa hawakukosea. Walikuwa na wasomaji wao, na fumbo lilikuwa ngao yao. Kenya ya mwaka 1987 polisi walikusanya nakala za Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o madukani, baada ya wakubwa kusikia kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akidai haki, wakataka akamatwe. Mtu huyo alikuwa mhusika wa riwaya. Pale ambapo mhusika wa kubuni anatafutwa na polisi, mwandishi mwenye akili huandika kwa mafumbo.

Kwa hiyo tuna makachero wenye kasi wasioihoji dola, na tuna wanafalsafa wanaoihoji dola kwa lugha ambayo kijana haifikii. Kiungo cha tatu ni nguvu iliyofichika. Nakiri hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu Njombe si mahali pa kuchezea habari hiyo.

Watu wa nyanda hizi waliwahi kuujaribu utawala wa mabavu kwa nguvu isiyoonekana. Vita vya Majimaji vilipoanza kusini mashariki katikati ya mwaka 1905, dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilisafiri kutoka mto Rufiji hadi kwa Wangoni na Wabena. Mwezi Septemba mwaka huo wapiganaji wa Mbeyela walikishambulia kituo cha wamisionari wa Berlin pale Yakobi, umbali mfupi kutoka mjini Njombe. Risasi hazikugeuka maji. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walikubali vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 hadi 300,000.

Ebrahim Hussein aliichukua habari hiyo akaandika tamthiliya ya Kinjeketile mwaka 1969, na humo aliuliza swali ambalo hakuna riwaya ya vijana ya ng'ambo niliyoisoma iliyothubutu kuliuliza: itakuwaje iwapo nguvu iliyowaunganisha watu si ya kweli? Kinjeketile wake anaingiwa na shaka. Anaona kwamba maji yamewapa watu umoja ambao hawakuwahi kuwa nao, na anaona pia kwamba umoja huo unawapeleka kwenye mtutu wa bunduki. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akane, na anakataa, kwa kuhofia watakaokuja baadaye wataambiwa kwamba kupigana nako kulikuwa uongo. Hapo hapana kijana mteule mwenye damu ya ajabu. Kuna jamii nzima iliyoamini, ikalipia imani yake, na ikaacha urithi ambao TANU iliuokota miaka 50 baadaye.

Hiyo ni nguvu ya wengi. Nguvu ya mtoto mmoja ina historia nyingine, na inatisha. Mwanzoni mwa mwaka 2019 wazazi wa Njombe waliacha kuwatuma watoto dukani. Watoto kadhaa walikuwa wametoweka na kukutwa wameuawa, na serikali ilizihusisha habari hizo na imani za kishirikina, za watu wanaoamini kwamba mwili wa mtoto unaweza kuleta mali. Shule zilianza kuwaonya wanafunzi wasitembee peke yao. Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Kanda ya Ziwa ilikuwa imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu hiyo hiyo: mtu amedhaniwa kuwa na nguvu mwilini mwake.

Sasa rudi kwenye riwaya za ng'ambo. Mtoto mwenye nguvu katika damu yake, anayewindwa kwa sababu ya nguvu hiyo. Msomaji wa Chicago anaisoma kama sitiari ya upweke wa ujana. Msomaji wa Njombe anaijua kama tangazo la polisi. Mwandishi wetu atakayenakili mpango huo bila kufikiri, akamwambia mtoto wa kijijini kwamba kweli wapo watoto ambao miili yao imebeba uwezo wa siri, atakuwa anarudia, kwa nia njema, maneno ya wauaji wale wale. Katika jambo hili sina nafasi ya kulegeza msimamo.

Kuna jambo gumu zaidi ndani yake, na ndilo linaloweza kuzaa riwaya kubwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, serikali iliwakusanya watoto wengi katika vituo vyenye ulinzi, kama Buhangija, Shinyanga. Iliwaokoa; hilo lisipuuzwe. Lakini watoto walikaa miaka, mbali na mama zao, nyuma ya uzio, wakilala wakibanana, wengine wakisahau lugha ya nyumbani. The Darkest Minds inasimulia kambi za serikali zinazowafungia watoto kwa sababu ya walivyo. Sisi tulikuwa na uzio uliojengwa ili kumlinda mtoto dhidi ya jirani yake. Mlinzi wa getini alikuwa mwema, na geti lilikuwa limefungwa vile vile. Ni nani mwovu katika hadithi hiyo? Mwandishi atakayelibeba swali hilo bila kukimbilia jibu atakuwa ameandika kitu ambacho dunia nzima haina, maana distopia ya Magharibi imezoea serikali mbaya na mtu mwema. Haijui la kufanya na serikali inayookoa kwa kufungia.

Ukaribu wetu mkubwa na riwaya hii tunayoingoja uko darasani, na wengi hawaoni. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini ya Ben Hanson. Sekai, baada ya kuteseka muda mrefu bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inasema mtoto huyo asiishi. Wazee wamekwishaamua, na mumewe hana ubavu wa kupinga. Usiku mama anamfunga mtoto mgongoni na kutoroka, na anapokelewa ugenini na mzee Chivero. Ondoa mila uweke sheria, ondoa wazee uweke wizara, na una distopia kamili: utawala unaoamua nani aishi, mwanamke mmoja anayevunja amri, safari gizani, kijiji kipya kinacholazimika kuchagua. Tena Takadini hana nguvu ya ajabu. Anajifunza kupiga mbira, kwa bidii, kama mtoto yeyote angejifunza. Hanson alikwepa mtego ule nilioutaja, na kwa kuukwepa alimrudishia mtoto utu wake.

Kitabu hicho kinasomwaje, basi? Kinasomwa kwa ajili ya swali la mtihani: kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili dhamira fulani, hoja tatu kwa kila kitabu. Mwalimu mwenye madarasa manne na vipindi vya kujaza hana namna. Anaandika ubaoni dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari, na wanafunzi wananakili. Nimekutana na vijana wanaoweza kukutajia dhamira zote za Takadini ambao hawajawahi kukishika kitabu chenyewe. Wamesoma muhtasari uliotolewa fotokopi. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba imepata hatima hiyo hiyo, wakati nayo ni hadithi ya dola inayohesabu watu. Karani wa sensa anafika kijijini, anampenda binti wa mwenye nyumba, na karatasi za serikali zinaishia motoni. Wapo wanakijiji wasiotaka familia zao ziandikwe kwenye daftari la mtu mwingine. Darasani hilo huitwa ukosefu wa elimu. Naamini lina zaidi ya hapo, na kijana ambaye alama zake za vidole zimechukuliwa ili laini yake ya simu isifungwe anaweza kulijadili vizuri kuliko sisi tulivyoweza.

Kijana huyo pia ameuona udhibiti kwa macho yake. Intaneti ilizimwa Uganda kabla ya uchaguzi wa Januari 2021. Ilizimwa Tanzania siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Aliwaona kwenye simu vijana wa Kenya wakiingia bungeni Juni 25, 2024, kisha akasikia habari za waliotekwa baada ya hapo. Fasihi yetu ya leo inamwambia nini juu ya hayo? Vibandani na kwenye simu anapata hadithi za Frimasoni, majini na matajiri waliouza roho, yaani maelezo kwamba madaraka yana siri na siri hiyo ni ya kuzimu. Hadithi hizo zinasomwa kwa sababu zinajibu njaa ya kweli: watu wanahisi maamuzi yanafanyika mahali wasipopaona. Ila jibu lenyewe linampumbaza msomaji. Likimwonesha jini, hataitazama sheria, kanuni, bajeti, wala sahihi ya mtu iliyo chini ya karatasi. Karama wa Shaaban Robert angeyatazama hayo kwanza.

Upande wa vitabu vyenyewe hali ni rahisi kueleza na ngumu kutibu. Duka la vitabu la mji kama Makambako linaishi kwa vitabu vya kiada, madaftari na mitihani iliyopita. Riwaya isiyo kwenye orodha ya shule haina mnunuzi wa uhakika, kwa hiyo mchapishaji haigusi. Tuzo ya Burt, ambayo kwa miaka kadhaa iliwalenga hasa wasomaji vijana wa Tanzania, ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imerudisha heshima kwa Kiswahili na imewapa waandishi wapya fedha na wachapishaji. Ningependa kuona ikimtazama msomaji wa miaka 14 hadi 19 peke yake, asihesabiwe pamoja na watoto wala pamoja na watu wazima. Waandishi wa riwaya za mashaka, Hussein Tuwa akiwa mmojawapo, wameonesha kwamba msomaji wa Kiswahili bado anafuata kitabu chenye kasi hata nje ya shule. Hadhira haijafa.

Nikimfikiria kijana anayeweza kuiandika riwaya hiyo, simwoni akianza na mfalme wala kasri. Namwona akianza na fomu. Msichana wa bweni, baridi ya Juni ya Njombe, prepu imekwisha. Ana kazi ya kuandika majina ya waliochelewa paredi, na anagundua kwamba daftari la mwaka uliopita lina majina ya wanafunzi ambao hakuna anayekubali kwamba waliwahi kusoma hapo. Walimu wanasema hawawajui. Vitanda vyao vipo. Yeye anawakumbuka. Haruki ukutani, hatoi moto mikononi. Anachofanya ni kuyanakili majina yale usiku, kwa mwandiko mdogo, ndani ya jalada la daftari la jiografia, na kumpa rafiki yake nakala. Rafiki anampa mwingine. Kufikia likizo ya mwezi wa sita majina yako kwenye mabasi ya Songea, kwenye treni ya TAZARA inayopita Makambako kwenda Mbeya, na kwenye lori la mbao linaloshuka Dar es Salaam, na mkuu wa shule amepata barua kutoka juu ikimtaka aeleze nani aliyeanza.

Sura ya kwanza ya kitabu kama hicho mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuiandika kwa kalamu na daftari la kurasa 96, kwa Kiswahili anachokisema kila siku. Kazi ya kutafuta mhariri wa kuisoma, mchapishaji wa kuitoa bila kusubiri orodha ya wizara, na mwalimu wa kuiacha darasani bila kuifanyia maswali, hiyo ni yetu sisi watu wazima, na hatujaianza.